Mama Nyavu, Aliyeondolewa Ziwani

Marehemu, aliyejulikana kwa wengi kama Mama Nyavu, aliondolewa ziwani na wanawe wawili wa kiume bila hiari yake, na leo anazikwa mbali na maji. Hilo lisemwe kwanza, mengine yafuate.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1948, nyumba ya mwisho kabla ya gati, kifungua mimba wa mvuvi. Shule aliionja mwaka mmoja tu. Baba yake akamtoa, akamkalisha kwenye nyavu azishone. Kila ukoo pale ufukweni ulikuwa na fundo lake, na wavu uliopotea ulirudi kwa mwenyewe kwa kutazamwa fundo tu.

Mwaka 1966 aliolewa na fundi mitumbwi. Wavuvi walimtania, "Mama Nyavu, mume ukimfunga hivyo hachomoki."

"Wangu sikumfunga," alijibu huku anashona, "na jioni anarudi mwenyewe."

Walijaliwa watoto watatu. Wavulana walisoma hadi chuo kwa mikono yake hiyo ya kushona nyavu. Binti alibaki nyumbani kumshikia mama uzi.

Mumewe alipofariki mwaka 2014, wanawe walikuja na gari, wakamwambia anakwenda kutibiwa macho, wiki moja tu. Hakurudishwa. Huko mjini chandarua cha mjukuu kilichanika, akakishona kwa fundo la kwao.

"Bibi, hivi umejifunzia wapi?" mtoto aliuliza.

Mwanawe mkubwa akadakia, "Mama, usiwajaze watoto mambo ya samaki. Sisi huko tulishatoka."

Chandarua kikatupwa, kikanunuliwa kipya. Tangu hapo mikono yake ilikaa mapajani kama ya mgeni asiyejua atakaribishwa lini.

Figo zilimlaza mwezi Januari mwaka 2023. Siku ya mwisho, tarehe 3 Machi, binti yake alimkuta hospitalini akivutavuta ncha za shuka.

"Upepo unatoka wapi leo?"

Dirisha lilitazama ukuta. Binti akamdanganya, "Unatoka majini, mama."

"Basi wavuvi wanarudi," akasema, akafumba macho.

Ameacha watoto watatu na wajukuu saba. Katika hao saba, wote wa wanawe wa kiume, hakuna aliyewahi kuliona ziwa. Wanawe wana deni kwake, na jeneza hili zuri halilipi: wawapeleke watoto ufukweni, wawaambie kwa vinywa vyao wenyewe kwamba wao ni uzao wa wavuvi.

Yeye apumzike. Wao wasipumzike mpaka wamefanya hivyo.