Penina Hhando na Chemchemi ya Kwa Amnaay

Baba Padri, viongozi wa kijiji, ndugu mliotoka Mbulu tangu alfajiri, Mama Nailantei na wenzako wa Kakesio, na majirani wote wa Kansay, mimi ni Leonce Margwe, mdogo wake Piusi aliye mume wa marehemu, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kwa sababu marehemu mwenyewe alinichagua, akasema shemeji utasoma wewe, na usinipambe. Basi sitampamba, nami najua kwamba wengi wetu tumekuja msibani huku mioyo iko kwenye mkutano wa Alhamisi, ule wa kuamua kama ng'ombe waingie kwenye malisho ya chemchemi aliyoyafunga yeye, kwa hiyo hilo nalo nitalifikia.

Penina Hhando alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika kijiji cha Kainam, Mbulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanane, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1968 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1974, na hakuendelea, si kwa kukosa akili, bali nyumbani kulikuwa na uwezo wa kumsomesha mmoja na akapewa kaka yake, jambo alilolisimulia bila kinyongo, ila alilisimulia kila mwaka. Aliyoyakosa darasani aliyapata shambani kwa baba yake, kwenye miteremko ile ambako mtoto hufunzwa mapema kufukia majani, kubeba samadi na kuchimba mfereji wa kuyatoa maji taratibu yasiondoke na udongo.

Tarehe 7 Oktoba 1978 alifunga ndoa takatifu na kaka yangu Piusi, akahamia hapa Kansay, na Mungu akawajalia watoto watano, kifungua mimba akiwa Clemensi na kitinda mimba Antonia, nao wote wako hapa mbele yenu. Alikuwa mkulima maisha yake yote, na tangu mwaka 1996 alikuwa katibu wa kamati ya maji ya kitongoji chetu, kazi isiyo na mshahara wala shukrani, aliyoifanya mpaka nguvu zilipomwishia.

Mvua za mwaka 1998 zilipochimba korongo lile mnalolijua, likaanza kuila ardhi kuelekea chemchemi ya Kwa Amnaay, yeye ndiye aliyewaongoza akina mama mwaka uliofuata kupanda miche mia nne ya mikaratusi kuizunguka chemchemi, kwa kuwa inakua haraka na inatoa nguzo, na sisi wote tulipiga makofi. Mikaratusi ilikua kweli, jamani, ikakua na kunywa, na ukame wa mwaka 2009 ulipofika chemchemi ilikauka kabisa, wake zetu wakawa wanatembea saa tatu kufuata maji, nasi tukamlaumu Mungu na mawingu. Penina hakumlaumu yeyote, bali tarehe 22 Agosti 2009 alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema mti unaokunywa maji yetu ameuleta yeye, na yeye atauondoa, ingawa nguzo zile Piusi alishazipangia nyumba ya bati, naye kaka yangu atakubali nikisema kwamba kwa miezi miwili chakula chake alikula lakini neno hakutoa. Visiki viling'olewa kwa sururu kwa muda wa miezi saba.

Mwaka 2010 alikwenda Kakesio, akapokewa nyumbani kwa Mama Nailantei, akaona jinsi wafugaji wanavyofunga nyasi za karibu na boma ziwe za ndama peke yao, wanaziita olopololi, akarudi na neno hilo mdomoni kama mtu aliyeokota dhahabu. Akakishawishi kitongoji kufunga ekari kumi na sita za mteremko ule, akapanga mawe kuvuka korongo kama babake alivyomfundisha, akapanda mikuyu na miringaringa, na akaweka sheria mbili, kwamba nyasi zitakatwa kwa mundu lakini kwato haziingii, na kwamba atakayeingiza mifugo au kukata tawi atabeba madebe ishirini ya samadi na kuyamwaga kwenye mashimo ya miche. Tarehe 11 Aprili 2014 alikuta tope bichi pale palipokuwa pamekauka, na hakumwambia mtu kwa siku tatu, maana aliogopa kutupatia matumaini ya bure.

Sasa naja kwangu. Tarehe 3 Oktoba 2017 aliwakuta ng'ombe wangu tisa ndani, nikadhani ushemeji utaniokoa, thubutu! Niliyabeba madebe yote ishirini mchana kweupe, huku yeye amekaa juu ya jiwe anahesabu kwa sauti na kunisifia mwendo, nikaondoka pale na hasira iliyonifanya nisimsalimie mwaka mzima. Ukame wa mwaka 2022 ulipowamaliza ng'ombe wa watu, wale tisa wangu walipona kwa nyasi za mteremko uleule, na mzigo wa kwanza aliuleta yeye kichwani mpaka mlangoni kwangu, wala hakutaja samadi mpaka mvua ziliponyesha, ndipo akaitaja.

Mwezi Novemba 2024 alianza kushindwa kumeza chakula, akatibiwa hospitali ya wilaya, kisha akapelekwa hospitali ya rufaa ambako aligundulika kuwa na saratani ya koo, na alipoona mwisho umekaribia aliomba arudishwe nyumbani, akatuita wanafamilia, akatuagiza kwamba kwenye msiba wake lisikatwe hata tawi moja la chemchemini. Alifariki dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ndugu zangu, hapa kwetu kuni za msiba haziombewi ruhusa, mti wa karibu ndio unaokatwa, nami Jumatano, kwa mazoea na kwa uchungu, nilichukua shoka nikashuka bondeni kwenye chemchemi, nikaangusha tawi la mringaringa. Antonia alinifuata, hakupiga kelele, aliniuliza tu kama naijua samadi iliyoulea mti ule, nikautazama vizuri, nikaona ni mmojawapo wa miti yangu ya mwaka 2017, nikakaa chini nikalia. Tawi hilo liko pale nje, halikuchomwa, na chakula mlichokula kimepikwa kwa kuni mlizobeba kutoka makwenu.

Barua ya kuomba malisho yale yafunguliwe Alhamisi ina majina arobaini na moja, na la kwanza ni langu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye ng'ombe wengi na nyasi zimekwisha kweli. Mbele ya jeneza hili nalifuta jina langu, ng'ombe wangu watakula kwa mundu kama wa mwingine yeyote, na anayetaka kuingiza wake aje kwanza anieleze mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Baba Padri kwa sakramenti, wanakamati wenzake wa maji, Mama Nailantei aliyelala naye hospitali siku kumi na mbili, na majirani mliobeba kuni. Sheria haikusema kwamba ina msamaha wa msiba, kwa hiyo Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa bondeni.

Pumzika kwa amani, shemeji, madebe ishirini ya safari hii nitayahesabu mwenyewe.