Daftari la Vipimo Lililobaki Mezani

Mgeni rasmi, viongozi mliofuatana naye, wateja wetu, na majirani mliotuazima viti ili leo asikae mtu chini: sisi mafundi wa cherehani wa Kikundi cha Uzi Mmoja tunawasalimu kwa heshima. Karibuni. Chumba ni kidogo, tusogeleane tu.

TULIKOTOKA

Tulianza wanawake watatu na cherehani moja ya kukanyaga, tukiigombea kama watoto na bembea. Leo tuko tisa. Katibu wetu tunamwita Mama Pindo, maana pindo likienda upande hata kwa unywele mmoja atalifumua. Shule aliishia darasa la saba. Mengi yanayofuata yanamhusu yeye, naye ametaka yasomwe bila kupunguzwa.

VIDEO ZETU

Bintiye Mama Pindo ndiye aliyetuambia kwamba anayejifunza kushona anataka kuona mikono kutoka juu, uso wa fundi haumsaidii. Vifaa hatukuwa navyo. Tukalaza ubao kutoka juu ya kabati hadi kwenye nondo za dirisha, seremala jirani akautoboa tundu la kamera, na simu tukaifunga kwa mpira wa kiunoni, ule ule tunaotia kwenye sketi. Matofali mawili yakakandamiza ubao usicheze. Taa yetu ilikuwa dirisha. Upande wenye kivuli tukasimamisha kadibodi tuliyoibandika karatasi nyeupe, irudishe mwanga mezani. Wakati wa kurekodi hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga cherehani, kwa sababu sakafu ikitikisika na picha inatikisika.

Video ya kwanza ilionyesha kisogo cha Mama Pindo mwanzo hadi mwisho. Ya pili ilitoka kichwa chini. Ya tatu, ya kukata kola, ikatoka safi, tukaiweka mtandaoni. Watu wa mbali walituandikia kwamba wamevaa kola walizokata wenyewe. Hilo tulijivunia sana.

KILICHOTUPATA

Video hiyo hiyo ndiyo iliyotuumiza. Siku tulipoirekodi, dirisha lilikuwa wazi na upepo ukawa unainua karatasi ya kukatia. Mama Pindo akachukua daftari la vipimo, likiwa limefunuliwa, akalitumia kugandamiza karatasi pembeni.

"Mama, daftari linaonekana," bintiye akamwambia.

"Linaonekana na nani? Watu wanaangalia mkasi."

"Simu inaona meza nzima, Mama."

"Basi na isome, labda itanisaidia kujumlisha. Bonyeza wewe, mwanga unatukimbia!"

Sote tulikuwepo. Sote tulicheka.

Mgeni rasmi, daftari la fundi lina zaidi ya urefu na upana. Mteja hutuambia mambo ya mwili wake ambayo hata dada yake hayajui, ili nguo imkae vizuri. Ukurasa ule ulikuwa na jina la mteja wetu mmoja, na chini ya jina mstari mmoja ambao hatutausoma hapa. Mtu aliisimamisha video, akaikuza kwa vidole viwili, akausoma. Haikupita wiki, kazini kwake mazungumzo yakawa yanakatika kila anapoingia.

Alikuja hapa. Hakupiga kelele. Alisimama penye meza ya kukatia, akamwambia Mama Pindo: "Mama, nilikuvulia nguo wewe. Sikuwavulia wao."

"Sikujua, mwanangu," Mama Pindo akajibu. Kisha akajisahihisha mbele yetu: "Niliambiwa."

Video tuliifuta saa ile ile, lakini ilikuwa imeshachukuliwa na wengi. Mteja wetu sasa haendi kazini, na nguo zake anazianua majirani wakiwa wameingia ndani. Mama Pindo humpitia kila Jumamosi, wakaongea kupitia mlango uliofungwa. Bintiye amekataa kuturekodia tena, ingawa ndiye pekee aliyesema kweli siku ile. Naye mama mtu, kila akimwona mwanawe ameinamia simu, roho inamruka: ameacha nini humo ambacho mtu atakikuza kesho?

Wazazi na mafundi mliopo, tunawasihi. Kabla hamjarekodi, pigeni picha moja ya meza, ikuzeni, isomeni pembe hadi pembe kama mtu asiyewapenda. Na mtoto akisema kitu kinaonekana, uacheni mkasi mkitazame. Sisi tulikuwa na haraka ya mwanga, na mwanga ungekuwepo hata kesho yake.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kishikio cha simu ulichotuletea tunakipokea kwa shukrani. Hatutakitumia mpaka bintiye Mama Pindo akubali kukaa nasi na kukagua kila meza, na neno lake liwe la mwisho.

Ombi letu lenyewe ni hili, na linatuwia zito kulisema mbele ya mkubwa. Wewe, mgeni rasmi, kwa nia njema, uliituma video ya kola kwa vikundi vyote vya mafundi ili iwe mfano. Tunaomba uwaandikie wote waifute, nawe uifute kwenye simu yako. Tena ratiba iliyotufikia asubuhi hii kutoka ofisini kwako inasema kwamba, baada ya risala, video hiyo itaonyeshwa ukutani.

Jana Mama Pindo alimwomba mteja wetu ruhusa ya kusoma haya. Alijibu kutoka ndani: "Someni, ila msinitaje. Na msinihurumie." Hakujua kuhusu ratiba, na sisi pia hatukujua. Anaishi mahali sauti ya hapa inapofika, na madirisha yako wazi. Atasikia sauti ya Mama Pindo ikifundisha kola, na atajua sote tunaangalia nini.

Tunakuomba, baba, kijana wako aliyekaa kwenye projekta achomoe waya sasa, kabla hatujamaliza kusoma. Tutasubiri.

Mungu akujalie afya na moyo wa kusikia, wewe na nyumba yako.

Ni sisi mafundi tisa,
Kikundi cha Uzi Mmoja.