Lala, Jogoo

Ndugu waombolezaji, familia imemtuma dada yake mkubwa awasomee maisha ya marehemu, naye anaomba radhi mapema, maana karatasi hii iliandikwa kwa hasira na hakufuta neno.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1978, mtoto wa pili kati ya wanne wa mama muuza mitumba na baba fundi bomba, na tangu anatambaa alikuwa wa kwanza kuamka, akituamsha wote kwa kelele, ndiyo maana akaitwa Jogoo, na baba hakununua saa ya mezani maisha yake yote. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1992, kisha sekondari hadi 1996, akiwa na kichwa cha ajabu, akisikia kitu mara moja, basi, kimekaa.

Tarehe 3 Juni 1999 aliajiriwa kiwanda cha chupa kama mkaguzi, akikaa mbele ya taa nyeupe chupa zikipita, akitoa zenye ufa. Tanuri la kioo halizimwi, basi na watu wake wakafanywa hivyo hivyo, wiki hii zamu ya asubuhi, ijayo ya jioni, inayofuata ya usiku, kisha mwanzo tena, karibu miaka kumi na tisa. Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 2003 na fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 2005 na 2009, na mkewe akaziba dirisha la chumba kwa blanketi la kijivu ili mumewe apate kulala mchana.

Sasa tusemezane ukweli, majirani. Ni ninyi mliombandika jina la Popo, mkagonga mlango saa tano asubuhi mkiuliza ni mwanamume gani huyo anayelala jua limewaka. Na dada yake, huyu huyu aliyeshika karatasi, alikuja siku moja akalichomoa lile blanketi kwa mikono yake, akisema amka wewe, uvivu utakuzeesha. Akaamka, akacheka, akamchemshia dada yake chai.

Ugonjwa ulianza Agosti 2016, tena kwa furaha, siku nne hakulala, anaongea bila kituo, anapaka nyumba rangi, nasi tukashangilia kwamba Jogoo wetu amerudi. Wiki iliyofuata hakuweza kuinuka kitandani, akasahau jina la binti yake mdogo, binti mwenyewe akiwa amesimama mbele yake, na watu wakasema karogwa. Karogwa na nani? Daktari wa akili alituambia kwamba ndani ya ubongo, nyuma ya macho, mna saa inayofuata mwanga, na ukiivuruga kila wiki unavuruga usingizi, na usingizi ndio unaopanga kumbukumbu za mchana, na kwa mwenye maradhi yale ya kupanda na kushuka kukosa usingizi ni kumwagia moto petroli. Akampa vidonge, na barua ya mistari sita: zamu ya asubuhi tu, isibadilishwe.

Aliipeleka mwenyewe tarehe 9 Februari 2017. Msimamizi wa zamu akaigonga muhuri, akamwambia kila mtu anachoka, kwani wewe nani, akaifungia kwenye jalada. Nakala ninayo hapa.

Tarehe 12 Mei 2018 alimaliza zamu ya usiku, akaamriwa aunganishe na ya asubuhi kwa kuwa mwenzake wa tanurini hakutokea, na saa tatu asubuhi, ikiwa siku ya tatu hajalala, alianguka kutoka ngazi ya tanuri, akafariki njiani kwenda hospitali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tuliuona wote, tukauita uvivu.

Familia inamshukuru daktari, ambaye angesikilizwa tusingekuwa hapa. Inawashukuru wafanyakazi wenzake waliombeba mikononi. Inawashukuru majirani kwa viti na turubai, ingawa kimya cha asubuhi moja kingetufaa zaidi. Kiwanda kimeleta shada la maua, nawe msimamizi uliyeketi safu ya mbele, ondoka nalo, kaliweke kwenye jalada pamoja na barua yake.

Blanketi la kijivu tumemfunika nalo, na aliyelichomoa ndiye aliyelitandaza. Lala, Jogoo, lala kwa amani mpaka utosheke, leo hakuna wa kukuamsha.