Mama Kimya na Bangili Yake

Ijumaa, tarehe 28 Juni. Asubuhi imekuja na manyunyu, lakini kufikia saa tatu jua limetoka na mashuka ya wodi yameanikwa. Leo daktari wetu, mtafiti wa masikio na mishipa ya fahamu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Yote ameitumikia katika jengo hili hili, ghorofa ya chini, na sehemu kubwa yake akiwa ameweka kidole mdomoni kutuambia tunyamaze. Ndiyo maana tukamwita Mama Kimya. Jina analijua, na tukimwita hivyo anaitika.

Kwa wageni wetu ambao hawaifahamu kazi yake: alichunguza usikivu wa watu wenye mishtuko. Mishtuko ni ile hali ya mwili kufanya jambo bila mwenyewe kuamua. Jicho linakonyeza, bega linaruka, koo linatoa mlio, na mtu akijizuia ndiyo linazidi kumwasha. Mama Kimya alitaka kujua kama watu hawa wanasikia kama sisi au wanatuzidi. Akajengewa kibanda kisichopitisha sauti, chenye kiti kimoja, dirisha dogo la kioo na mlango mzito kama wa jokofu la bucha. Mgonjwa anakaa ndani amevaa hedifoni, daktari yuko nje mezani anapiga milio midogo midogo kwa mtambo, na mgonjwa akisikia anabonyeza kitufe.

Kibanda kilikuwa cha mgonjwa lakini adhabu ilikuwa yetu. Wafagizi walivua ndala wakipita pale. Birika la chai lilihamishiwa stoo kwa kosa la kupiga mluzi. Mhasibu wetu, ambaye akicheka anasikika hadi getini, alipangiwa saa ya kucheka: "Cheka saa saba, baba, wagonjwa wakienda kula." Na jioni huyo huyo Mama Kimya alirudi nyumbani kwa mume mpiga tarumbeta! Tulipomuuliza anamvumiliaje shemeji yetu, alijibu, "Yule nilimchagua. Nyinyi mmeletwa tu."

Kwa wagonjwa alikuwa mtu mwingine kabisa. Kabla ya kufunga mlango aliwapa kipindi tulichokiita muda wa fujo. Mtu aruke, apige kelele, akunje uso atakavyo. "Toa zote, mwanangu, usinibakizie hata moja," alikuwa akiwaambia watoto, na watoto waliokuwa wakichapwa shuleni kwa kelele hizo hizo walimwangalia kama mtu aliyewafungulia duka la peremende. Dereva mmoja, ambaye jicho lake la kulia lilimkonyezea kila mwanamke mtaani, alipewa cheti cha kutembea nacho mfukoni: "Jicho hili halina nia." Kimemwokoa mara nyingi, anasema, ingawa mke wake bado anataka kukiona chenye muhuri mkubwa zaidi.

Katika mwaka wake wa kumi na mbili hapa, majibu yalitoka, na yalikuwa ya ajabu. Wagonjwa wenye mishtuko walibonyeza kitufe kwa milio midogo ambayo watu wengine hawakuisikia kabisa. Mkurugenzi wa wakati ule alitangaza habari hiyo hadi kwa mlinzi. Mama Kimya alialikwa kwenda kuisoma ripoti mbele ya mkutano wa wataalamu. Akirudi, cheo cha ukuu wa utafiti kilikuwa kinamsubiri, pamoja na mradi mpya wa miaka mitano.

Wiki moja kabla ya safari alimwita kinyozi wa mtaa wa nyuma kwa kipimo cha marudio. Kinyozi huyu mshtuko wake ni kusema "Haya!" kwa sauti kubwa, jambo ambalo wateja wake wamelizoea isipokuwa wembe ukiwa shingoni. Alipotoka kibandani, Mama Kimya alimsifu kwa masikio yake. Kinyozi akaona aibu.

"Daktari, nisikudanganye," alisema. "Mlio wako siusikii. Nasikia makalio yanatetemeka, nabonyeza. Haya!"

Mhasibu alicheka, na saa saba ilikuwa bado. Mama Kimya hakucheka. Alimtazama kinyozi, akaitazama meza, kisha akautazama mkono wake wenye bangili nene, aliyovishwa na mama mkwe na ambayo haijawahi kuvuka kiganja tena. Wagonjwa wenye mishtuko aliwapima mwenyewe siku zote. Watu wengine walipimwa na fundi wa usikivu, mwanamume asiyevaa hata saa. Akamwomba fundi agonge ukingo wa meza taratibu kwa kijiko, yeye akaingia kibandani, akakaa, mlango ukafungwa. Alipotoka alisema maneno matatu tu: "Makalio yamesema kweli."

Kila alipobonyeza mtambo, bangili iligusa meza, meza ikagusa ukuta wa kibanda, na mtikisiko ukamfikia mgonjwa kitini. Ugunduzi wote ulikuwa bangili.

Mkurugenzi alimshika mkono, ule wenye bangili, akambembeleza mbele yetu. "Mama, nenda ukasome tu. Haya mengine tutayarekebisha polepole. Nani atajua?"

"Kinyozi anajua," alijibu. "Na mimi nimekikalia kile kiti."

Akaenda. Fundi aliyefuatana naye anasimulia kwamba alipanda jukwaani, akaiweka ripoti pembeni, akainua mkono na kuwaonyesha wataalamu bangili. Alieleza kila kitu, na makalio ya kinyozi yakiwemo. Ukumbi ulinyamaza kama umefungiwa kibandani. Kisha mzee mmoja wa kiti cha mbele akauliza kama meza yetu inagusa ukuta. Akaambiwa inagusa. Mzee akajikuna kichwa: "Na yetu inagusa." Kutoka nyuma mwingine akasema, "Hata sisi," na hapo ukumbi mzima ukaangua kicheko, kila mmoja akifikiria meza yake.

Vicheko havikurudisha cheo. Kilikwenda kwa mwingine, na mradi ulifungwa. Mama Kimya aliweka mpira wa tairi chini ya kiti, akaisogeza meza, akafunga bangili kwa bandeji na kuanza upya na mgonjwa wa kwanza. Mama mkwe alipoiona bandeji alidhani amevunjika. Alipoelezwa alisema, "Mwanangu, nilikuvisha upendeze, sikukutuma utetemeshe watu."

Safari hii majibu hayakuwa ya ajabu, yalikuwa ya kufaa. Wagonjwa wetu walisikia sawa na mtu yeyote. Kilichowasumbua ni sauti fulani zinazowachokoza: kikohozi cha jirani, kalamu inayogongwa dawatini. Kwa majibu hayo shule zinazotuzunguka ziliacha kuwafukuza watoto hawa, zikaanza kuwahamishia madawati mbali na sauti hizo. Baadhi yao, sasa watu wazima, wamekaa humu ukumbini leo na wake zao, na wanakonyeza wapendavyo.

Mama Kimya, ahsante kwa kutufundisha kunyamaza, na zaidi kwa siku ile ulipokataa kunyamaza. Tunakuombea afya, tarumbeta ya wastani, na maisha mema yasiyo na deni la moyo. Fundi anasema tangu kinyozi alipofungua mdomo hukuwa umefumba jicho, wiki nzima. Siku ya mkutano, baada ya kushuka jukwaani, ulirudi chumbani, ukakaa kitandani na viatu vyako miguuni ukisema unapumzika kidogo tu. Ulilala saa kumi na robo jioni, na ukakoroma hadi asubuhi.