Maumivu ya kesho yake

Mtumbwi wa mota ulikuwa unavuka mto kwenda Alunguli, na Mama Onema aliketi nyuma ya golikipa Sandrine na kochi wake, akiwasikiliza bila kugeuza shingo. "Ile planshi, kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu, inaniumiza kiuno, kochi. Mupira tunachezaka na miguu, hapana na tumbo!" "Ukinyanyua muguu moja, kiuno na matako njo vinafanya kazi. Ukigeuka kwa ubavu, ubavu unaamuka. Maumivu ya kesho yake hapana ugonjwa, ni kazi." "Basi fanya wewe, na ile tumbo yako!" Kochi akavuta tumbo ndani kidogo. "Usipofanya, Jumapili Joëlle njo atasimama golini."

Abiria walicheka. Onema hakucheka. Wakati wa vita, risasi zikipita juu ya nyumba, alijishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu juu ya Bienfait, mwanawe mchanga, asije akamlalia. Kesho yake kiuno na tumbo vilimuuma hata asiweze kuinama, na miaka yote amewaambia watu kwamba ule ulikuwa woga.

Mtumbwi ukagusa mchanga, wale wawili bado wanabishana. Onema akashuka taratibu, mkono kiunoni. "Kumbe," akajiambia, "ile ilikuwa kazi."