Mama Mapovu na Chumba cha Kuchemshia Sabuni

Mama yetu, ambaye kiwandani wote walimwita Mama Mapovu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga. Shuleni alifaulu hesabu na kufeli kunyamaza. Ripoti yake ya mwisho ilisema, "Anauliza mno."

Mwaka 1975 aliajiriwa katika chumba cha kuchemshia cha kiwanda cha sabuni. Tarehe 14 Agosti 1979 aliolewa na fundi bomba aliyeitwa kiwandani kuziba bomba moja, akarudi mara tano. Baba hadi leo anashikilia kwamba bomba lilikuwa bovu kweli.

Mwaka 2003, Mama akiwa msimamizi wa chumba hicho, kampuni ya ng'ambo ilinunua kiwanda. Meneja mgeni aliwakusanya wafanyakazi wa chumba kila Jumatatu na kuuliza: "Kuna tatizo?" Wote, Mama akiwemo: "Hakuna, bosi." Kwao meneja, mtu humwambia mkubwa wake kosa kavukavu. Kwetu, kumsahihisha mbele za watu ni kumvunjia heshima. Kumbe kipimajoto cha mtambo mpya alioleta meneja kilikuwa kinadanganya, na sabuni zinapasuka. Meneja akatangaza: mambo yasipotengemaa ndani ya miezi mitatu, chumba kinafungwa. Vibarua vya watu arobaini na mmoja vingeota nyasi.

Mama akamwekea chai kwenye benchi la wafanyakazi. "Kaa, meneja. Leo usiulize kitu, kunywa tu." Kikombe cha pili hakijaisha, meneja alikuwa ameshaambiwa yote, hadi la kipimajoto. Jumatatu iliyofuata Mama naye akasimama mbele ya wote: "Ijumaa nilizidisha magadi. Kosa ni langu." Watu wakashika vichwa. Meneja akapiga makofi. Akasimama mwingine, na mwingine, na kabla ya miezi mitatu sabuni zikaacha kupasuka. Mama alipouleta mtindo huo nyumbani tulikiona cha moto: kila Jumapili kukiri makosa, Baba akianza.

Alistaafu mwaka 2016. Januari 2023 moyo ulianza kumsumbua. Daktari alipomvuta Baba pembeni, Mama akadakia, "Semea hapa hapa, mgonjwa ni mimi." Alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, Baba amemshika mkono. Tunaumia sana, ila tulicheka naye miaka yote na hatuoni aibu kucheka leo.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba, na chumba ambacho hakikufungwa. Leo wafanyakazi wenyewe wameomba kuzima moto wa kuchemshia sabuni nusu siku ili waje kumzika.

Lala salama, Mama. Saa nane wanauwasha moto tena.