Mbega Hawataki Kushuka

Asubuhi ile kijiweni Viwanja Sitini, pale Ifakara, kahawa ilinywewa bila mzaha. Anselim ndiye hakuwa na raha kabisa. Mvua za mwaka tisini na saba zilikuwa zinanukia, mpunga unataka kumwagwa, na katikati ya shamba lake jipya kule njia ya Kiberege umebaki mkuyu mmoja tu wa msitu mzima. Juu yake mbega wamejikunyata, mama mmoja kamkumbatia mwanawe. Anselim alikuja kumchukua Omega, mkata miti, lakini Omega kakaa na msumeno mapajani, hanyanyuki.

— Twende bwana, jua linapanda.

— Siangushi mti wenye watu juu.

— Watu? Mbega hao!

— Jana nimegonga shina tu, yule mama akamgeuzia mtoto upande wa pili. Mimi nina watoto, Anselim.

Polikarpo, jirani mwingine wa shamba, waliyemwita Redio kwa kujua hata yasiyotangazwa, akadakia:

— Shemeji yangu yuko Kigoma. Kule sokwe walikatiwa msitu, wakahamia migombani. Sasa sokwe wanalala, mwenye shamba anakesha!

— Hawa si sokwe.

— Ngoja wakasirike. Hasira inamkuza mnyama. Au hujiulizi kwa nini hawashuki? Hao ni mizimu ya wazee wa Masagati, wenye msitu ule zamani, wamerudi kudai ardhi yao.

— Toka hapa! akasema Anselim. Wazee wa Masagati walikuwa na mikia?

Ndaki, Msukuma mwenye ng'ombe aliyepakana na Anselim, akasonya.

— Wawashie moshi, watashuka.

— Wakishuka mbwa wako wanawararua, akasema Omega. Juzi si umeona walivyomrarua mmoja?

Ndaki akainamia kikombe chake. Anselim damu ikamchemka.

— Mbona lawama zote kwangu? Kila mtu kafyeka kuanzia upande wake kwenda kati ya msitu, kama siku zote! Mnyama si anakimbilia kwa jirani? Mimi nilijua watakwenda kwako, Ndaki.

— Mimi nilijua watavuka kwa Redio.

— Kwangu? Mimi nimeanza kukata kabla yenu wote! Nilijua wako kwa Anselim.

Hapo ndipo alipofika Kabula, mpwa wa Ndaki, aliyeingia mjini jana tu kutoka Shinyanga. Alikuja kumwita mjomba wake akanywe uji.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, mjomba. Hao mbega wakishuka salama, waende wapi?

Anselim, akiudhika kuulizwa jambo dogo hivyo, akanyoosha mkono upesi aonyeshe. Upande wa Ndaki ni shamba la mpunga. Akauhamisha kwa Redio, ni la mahindi. Akaugeuza kuelekea milimani, na huko kote ni miwa mpaka barabarani. Mkono ukabaki hewani, akaona aibu mbele ya binti wa watu, akaushusha, akakaa. Omega akasogea kumpisha.

— Wapi? akauliza tena Kabula, akidhani kuna mtu amejibu ila yeye ndiye hakusikia.